Nailoni si mfuniko wa wali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wananchi wenzangu, hasa sisi wa mwambao huu wa Bagamoyo hadi Bunju na Tegeta, juu ya desturi iliyoingia majikoni mwetu bila kupiga hodi. Desturi yenyewe ni ya kufunika wali, pilau na hata makande kwa mfuko wa nailoni wakati sufuria ingali motoni.

Sote tunakumbuka kwamba Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Kenya ilikuwa imekwisha fanya hivyo mwezi Agosti, 2017, na ndugu zetu wa Zanzibar walitangulia kabla ya hapo. Tuliifurahia hatua ile, kwani mifuko ya rambo ilikuwa imeziba mitaro na kujaa ufukweni. Lakini marufuku ile ilihusu mfuko wa kubebea. Mifuko ya kufungashia vyakula na bidhaa za viwandani haikuguswa, na ndiyo inayopanda juu ya sufuria leo. Ukipita penye shughuli ya harusi, kwenye vibanda vya chakula karibu na soko la samaki au kwenye stendi ya mabasi, utauona mfuko umetandazwa juu ya wali, mfuniko umekandamizwa juu yake, na makaa yamepaliwa.

Siwalaumu mama lishe wala wapishi wa shughuli. Wana sababu zao. Sufuria kubwa nyingi zimebonyea na mifuniko haikai sawasawa. Mkaa ni ghali, na mpishi anataka mvuke usipotee ili wali uive upesi. Mteja naye anataka wali laini. Mfuko unapatikana kwa bei ya chini kabisa, nao unaziba vizuri. Hayo yote ni kweli, lakini hayabadili tabia ya plastiki inapokutana na moto.

Nailoni tunayoizungumza hapa, kwa jina la kiwandani, ni polithini. Aina yake laini huanza kuyeyuka katika joto linalozidi kidogo nyuzi 100 za Sentigredi, yaani kidogo tu juu ya maji yanayochemka. Ukingo wa sufuria iliyo juu ya mkaa, na mfuniko uliopaliwa makaa, hupata joto kubwa zaidi ya hilo. Ndiyo maana mpishi akifunua huukuta mfuko umejikunja na mwingine umegandia ukingoni. Mvuke nao hugonga plastiki, hugeuka matone na kurudi ndani ya wali.

Aidha, plastiki nyingi huchanganywa na dawa za kuzilainisha, kuzipa rangi au kuzifanya zidumu. Dawa hizo hutoka kwa wingi zaidi kila joto linapozidi, muda unapokuwa mrefu na chakula kinapokuwa na mafuta. Sasa tufikiri: chakula gani cha pwani kisicho na mafuta? Wali wetu ni wa nazi, na pilau letu linaelea samli. Baadhi ya dawa hizo wataalamu wamezitambua kuwa huvuruga homoni za mwili. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza mwaka 2011 chupa za kunyonyeshea watoto zenye kemikali iitwayo BPA. Chupa zile ni za plastiki ngumu, tofauti na mifuko yetu, lakini somo ni moja: wenzetu hawakungoja watoto waanguke ndipo wachukue hatua.

Wapo watakaosema kwamba hata Wazungu hupika ndani ya plastiki. Ni kweli. Mwaka 1974 Mfaransa Georges Pralus alipika maini ya bata ndani ya mfuko uliotolewa hewa, kwa ajili ya hoteli ya akina Troisgros mjini Roanne, na njia hiyo siku hizi hutumika hata majumbani huko Ulaya na Marekani. Lakini mfuko wao hutengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, maji yao hayachemki bali hupimwa joto kwa mashine, na mfuko haugusi moto wala chuma chenye moto. Sisi tunachukua mfuko usiojulikana ulitengenezwa kwa kitu gani, tena mara nyingine umekwisha tumika, tunaupa moto usiopimwa. Hayo si mapishi ya namna moja.

Wengine watasema hawajamwona mtu aliyekufa kwa wali wa nailoni. Hatari ya aina hii haiji kama sumu ya panya. Huingia kidogo kidogo, na wanaoila kila siku ni vibarua, wanafunzi na akina mama wajawazito wanaotegemea chakula cha kununua. Kwa nini tuwajaribie wao, hali dawa ya jambo hili iko mikononi mwetu?

Wazee wetu walipika wali wa watu mia bila nailoni. Jani la mgomba lililooshwa huziba mvuke vizuri kabisa. Kitambaa safi cha pamba kilicholowanishwa na kukamuliwa, kikawekwa chini ya mfuniko, hufanya kazi ile ile, mradi ncha zake zisifike motoni. Mfuniko uliobonyea huzibwa ukingoni kwa unga uliokandwa, kama wafanyavyo wapika biriani. Makaa ya vifuu, ambavyo hapa kwetu havinunuliwi, yanatosha kupalia. Wali ukishapakuliwa, kawa la ukindu lipo.

Katika kuacha nailoni ya kufunikia, tuache pia kutia supu, chai na maharage ya moto katika vimfuko, na kugawa uji kwa ndoo iliyotoka na rangi ya nyumba. Tuache na kuwashia jiko kwa mfuko, kwani moshi wake ni sumu kwa anayepuliza na kwa mtoto aliyeko mgongoni.

Kwa wahusika nina maombi mawili. Kwanza, maafisa afya wakagulie mifuniko kama wanavyokagua vyoo na maji, lakini waanze kwa kufundisha. Kumwaga chakula cha mama lishe kutamfilisi bila kumwelimisha. Pili, Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, liwatake watengenezaji waandike juu ya kila mfuko, kwa Kiswahili, kama unafaa kutiwa chakula cha moto au haufai. Namba iliyo ndani ya pembetatu hueleza aina ya plastiki tu, na wananchi wengi hawaijui maana yake.

Tuliweza kuutoa mfuko mikononi mwetu kwa tangazo moja. Kuutoa sufuriani hakuhitaji polisi, kunahitaji jani la mgomba na nia.

Mpishi wa Shughuli,
Bagamoyo.