Bei ya plaki iandikwe mlangoni

Mtoto wetu mmoja aliye Ubelgiji anauliza kama anaweza kutuma gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, liwafae ndugu zake waliokimbia vita. Anaweza. Tena usukani wake uko kushoto, na sisi huku tunaendesha upande wa kuume, si kama yale ya kutoka Japani.

Shida ni karatasi. Gari linateremka Mombasa, linakata Uganda, linafika Kasindi. Hapo duane ya DGDA inataka fakture, karatasi ya meli na karatasi ya gari ya kule Ulaya. OCC inakagua. Halafu plaki na karte roze vinatoka DGI. Hadi hapo ni sheria, sina neno. Neno langu ni bei: raia anaambiwa mdomoni, leo hivi, kesho vingine, na akiomba risiti anaangaliwa kama mwizi. Halafu huyohuyo anasimamishwa njiani kwa kukosa plaki!

Wengine watasema gari la vitanda ni starehe. Mwambieni hivyo mama aliyezalia chini ya turubai, mvua ikinyesha.

Wakubwa, bandikeni bei zote mlangoni, kwa Kiswahili. Nawe uliye Ulaya, usipakie gari melini kabla hujapata hesabu yote kwa maandishi. Pesa ya serikali lipia benki, na ile karatasi ya benki uitunze.