Chanuo la Moto

Juma hili twanena juu ya chombo kidogo kionekanacho katika nyumba nyingi, hata huku kwetu Ekerenyo, hasa sikukuu zikaribiapo. Ni chanuo la chuma lenye mpini wa mti, liwekwalo juu ya makaa ili kunyosha nywele. Kazi hiyo huitwa kuchoma nywele, na jina hilo lina onyo ndani yake.

Asili yake ni mbali. Mwaka 1872, mjini Paris, msusi aitwaye Marcel Grateau alianza kutengeneza nywele kwa koleo lililopashwa moto. Huko Marekani, Bibi C. J. Walker (1867–1919), ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, alilieneza chanuo la moto pamoja na mafuta yake ya nywele, akapata mali nyingi. Wengi husema ndiye aliyelibuni; sivyo, kwa maana machanuo ya namna hiyo yaliuzwa kabla yake.

Joto hulegeza vifungo vidogo vilivyomo ndani ya unywele, nao hunyoka. Lakini unywele ukipata maji au jasho, vifungo hurudi kama kwanza. Na katika nchi ya mvua kama hii yetu, kazi ya asubuhi yaweza kupotea jioni. Ndiyo sababu watu hurudia mara kwa mara, na kila mara hatari huja upya.

Basi yafaa kushika mambo haya. Nywele ziwe kavu kabisa, kwa kuwa maji yakikutana na chuma cha moto hugeuka mvuke, nao huunguza ngozi. Mafuta yawe kidogo, yasije yakachemka na kutiririka hata masikioni. Chanuo la makaa halina kipimo cha joto. Kwa hiyo lijaribuni kwanza juu ya karatasi nyeupe. Likiacha alama ya kahawia, lingojeni lipoe. Msianzie kwenye ngozi ya kichwa, bali mbali nayo kidogo. Mtoto asiyeweza kutulia asichomwe nywele kamwe.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Msipake siagi, wala dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia. Kisha funikeni jeraha kwa kitambaa safi, na likiwa kubwa mpelekeni hospitali.

Lakini hatari iliyo kubwa kupita zote si chanuo, ila ni jiko lenyewe. Usiku wa baridi wengi huliingiza chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika damu, ikazuia mwili kupata hewa njema. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi ambao mtu aweza asiamke tena.

Kwa hiyo mwenye nyumba asiseme kwamba haya ni mambo ya wanawake. Akiona chanuo limetolewa, na alichukue jiko mwenyewe, aliweke nje barazani, wala lisirudishwe ndani watu walalapo.