Nanomita zisizopimika

Muulize muuza kompyuta anayejiona mjuzi kwa nini prosesa hii ni bora kuliko ile, atakutajia nanomita. Hii ni ya 5, ile ya 7, mjadala umekwisha. Imani hii wanayo hata wanaolipwa kuandika habari za teknolojia, na ni upuuzi.

Namba hiyo, kwanza, haipimi kitu. Zamani ilikaribiana na urefu wa lango la transista. Leo ni jina la biashara tu. Katika teknolojia ambayo TSMC ya Taiwan inaiita ya nanomita 7, kutoka lango moja la transista hadi jirani yake ni zaidi ya nanomita 50. Hiyo 7 itafute ndani ya chipu mpaka uchoke.

Intel ilipokwama na nanomita 10, iliyotarajiwa 2016 na ikaja kuingia sokoni kwa wingi 2019, ilichekwa sana, maana mpinzani wake AMD ilikuwa tayari inatengenezewa prosesa za 7 na TSMC. Kuchelewa kule kulikuwa aibu kweli, sibishi. Lakini 10 ya Intel ilibana transista takriban milioni 100 katika milimita moja ya mraba, na 7 ya TSMC haikuishinda kwa hilo. Mwaka 2021 Intel ikachukua toleo lililoboreshwa la 10 hiyo hiyo, ikalibatiza Intel 7, na neno nanomita ikalifuta kabisa. Idara ya masoko ilifanya kwa kalamu kazi iliyowashinda wahandisi kwa miaka!

Tuseme basi transista zimepungua ukubwa kwelikweli. Je, kasi imehakikishwa? Pentium 4 ya mwaka 2004, iliyopewa jina la Prescott, ilishuka kutoka nanomita 130 hadi 90. Wahandisi, wakikimbiza gigahezi, wakarefusha njia ya kuchakata amri kutoka hatua 20 hadi 31. Ikatoka prosesa yenye joto la kutisha, ambayo katika kazi nyingi haikuifikia ile ya zamani hata zikienda gigahezi sawa. Mwaka huo huo Intel ikafuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4.

Mfano wa 2024 unachekesha zaidi. Viini vya Core Ultra 9 285K ya Intel ni vya nanomita 3; vya Ryzen 7 9800X3D ya AMD ni vya 4. Kwenye gemu, AMD inashinda kwa mbali, kwa sababu ina kashe ya megabaiti 96 inayoipunguzia safari za kwenda kwenye RAM. Intel, kwa upande wake, iliigawa chipu vipande, kidhibiti cha kumbukumbu kikatengwa na viini, na kila safari ikawa ndefu. Hata 14900K, ndugu yake mkubwa wa Intel 7, iliishinda katika gemu nyingi. Hiyo 3 ilisaidia kwenye umeme: prosesa mpya inakula kidogo kuliko ile ya zamani, na kwa mwenye laptopu faida ya namna hiyo si ndogo.

Na viini vya wapinzani hao wawili vilitengenezwa na TSMC hiyo hiyo. AMD ilijitenga na viwanda vyake tangu 2009, na Intel yenye viwanda vyake ikaenda kupanga foleni hapo hapo Taiwan. Sasa shabiki wa nanomita aniambie, hapo anamshangilia nani?