Tusinunue hisa kwa fununu za majilisini

Mapema mwaka 2008, hisa za kampuni ya Safaricom zilipotolewa kuuzwa kwa umma, majilisi ya shule niliyokuwa nikifundisha iligeuka soko. Madaftari ya wanafunzi yalikaa mezani marundo marundo huku walimu wakijaza fomu. Kila aliyeingia aliulizwa swali moja tu: "Mwenzetu, unachukua ngapi?" Sikumsikia hata mmoja akiuliza kampuni hiyo ilipata faida kiasi gani mwaka uliotangulia. Nami sikuuliza. Nilikopa shilingi 50,000 katika chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo, nikaomba hisa 10,000 kwa bei ya shilingi 5 kila moja, nikarudi nyumbani nikijiona tajiri.

Pupa ile ilikuwa na chanzo chake. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2006, hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90, na zilipoanza kununuliwa na kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ilipanda kwa zaidi ya mara mbili. Waliobahatika hawakunyamaza. Walisimulia majilisini, matangani, arusini na katika matatu, nasi tuliokosa tukaapa kwamba safari ya pili hatutaachwa nyuma.

Yaliyofuata yanajulikana. Serikali ilikuwa ikiuza hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni, na maombi yaliyowasilishwa yalikuwa zaidi ya mara nne ya hisa hizo. Nilipewa sehemu ndogo tu ya nilizoomba, na fedha zilizosalia zikachelewa kurudishwa, hali riba ya mkopo ilianza kuhesabiwa tangu siku ya kwanza. Hisa zilipoingia sokoni mwezi Juni, bei ilipita shilingi 7, kisha ikaanza kuteremka. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya zile shilingi 5 tulizolipa. Walionihimiza kununua hawakuwa na la kuniambia tena. Niliuza kwa hasara, nikaendelea kulipa mkopo wa mali nisiyokuwa nayo.

Baadhi ya wasomaji watasema kosa langu lilikuwa kuuza, kwa kuwa mwaka 2021 bei ya hisa hizo hizo ilipita shilingi 40. Ni kweli, lakini mwaka 2023 bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 20, na aliyenunua kileleni kwa kuambiwa na jirani alilia kama nilivyolia mimi. Kosa langu lilitangulia kuuza. Nilinunua bila sababu, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuendelea kushikilia nilichonunua. Fununu humfikia mtu siku ya kununua. Ya kumwambia wakati wa kuuza haimfikii.

Wako wataalamu wanaodai kwamba watu wa kawaida wangeacha kabisa kujadili mambo ya hisa, wawaachie waliosomea. Sikubaliani nao hata kidogo. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi lilikuwa kama klabu ya wachache. Hadi leo ripoti za makampuni huandikwa kwa Kiingereza kizito cha wahasibu. Mwalimu wa Busia au Kitui hana mshauri wa fedha wa kumpigia simu. Isitoshe, hao waliosomea nao wamewahi kutuangusha: kampuni ya uwakala wa hisa ya Francis Thuo iliporomoka mwaka 2007, na ile ya Nyaga ikafuata mwaka 2008, wateja wakabaki wakihangaika kutafuta haki yao. Kwa mwekezaji mdogo, mazungumzo na wenzake, yawe majilisini au katika jumbe za simu, ndilo darasa pekee alilo nalo. Linalohitajika ni kulifanya liwe darasa la kweli.

Darasa huanza kwa maswali, na kuuliza si ujinga. Swali la kwanza ni hili: faida ya kampuni hii inatoka wapi? Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2001, ilikuwa fahari ya Magharibi. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, hisa zake zikiwa zimeshuka chini ya shilingi 1. Njiani, bei ilivyozidi kuteremka, walikuwepo walioshauriana kununua kwa hoja kwamba hisa hizo zilikuwa "rahisi".

Hapa walimu wa hesabu wana kazi ya kufanya. Chukua kampuni yenye hisa bilioni 1, kila moja ikiuzwa shilingi 1. Ilinganishe na nyingine yenye hisa milioni 1, kila moja ikiuzwa shilingi 500. Wengi watasema ya kwanza ndiyo rahisi. Lakini anayeinunua yote atatoa shilingi bilioni 1, na anayenunua ya pili atatoa shilingi milioni 500, ambazo ni nusu yake. Ikiwa kampuni hizo mbili zinapata faida sawa, ile ya hisa za shilingi moja ndiyo ghali. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulifahamu jambo hili kwa dakika kumi, nasi watu wazima tumepoteza akiba zetu kwa kutolifahamu.

Swali la pili: anayenishauri ananufaika vipi? Aliyekwisha kununua hisa anatamani wengine wanunue ili bei ipande naye apate kuuza. Haimaanishi kwamba kila mshauri ni mwongo. Yafaa tu aseme wazi, "Mimi ninazo," kabla ya kuwahimiza wenzake, nao wamuulize asiposema. Aidha, tujihadhari na yule anayenong'ona kwamba ana ndugu anayefanya kazi ndani ya kampuni. Maneno yake yakiwa ya uongo, tumedanganywa. Yakiwa ya kweli, tunaalikwa kuvunja sheria, kwani sheria ya masoko ya mitaji inakataza kununua na kuuza hisa kwa kutumia siri za ndani ambazo umma haujatangaziwa.

Swali la tatu anajiuliza mtu mwenyewe: fedha hizi ni za nini, na nitazihitaji lini? Karo ya muhula ujao si mtaji wa hisa. Mkopo wenye riba ni hatari zaidi, kwa sababu hisa yaweza kukaa miaka bila kupanda na bila kuleta gawio, hali mkopo haukai hata mwezi mmoja bila kudai.

Walimu wenzangu, magazeti huchapisha bei za hisa, na makampuni yaliyomo sokoni hutangaza hesabu zao kwa umma. Tuziingize katika vipindi vya Hesabu na Elimu ya Biashara. Wanafunzi wafuatilie kampuni moja kwa mwaka mzima bila kutoa hata senti, waandike kila mwezi kwa nini wangenunua au wangeuza, na mwishoni wasome walichoandika mwanzoni. Watakaojifunza kukosea kwenye daftari hawatalazimika kujifunza kwa mshahara.

Mkopo wangu niliumaliza muda mrefu baada ya hisa zenyewe kwenda. Sina kinyongo na walionishauri, kwani walinipa walichokuwa nacho. Walichokosa kunipa ni swali, nami sikulidai. Siku hizi mtu akiniambia nichukue hisa fulani, humshukuru, kisha nikamwomba anieleze sababu. Wengi hubadilisha mazungumzo. Wachache wanaobaki kunieleza ndio ninaokunywa nao chai. Akili za kuambiwa, changanya na zako.