Kitanzi Kina Mikono

Wasee, tuache hii stori ya kusema Dark inatufundisha kwamba kila kitu kimeandikwa. Nimeisikia mpaka nimechoka, mara nyingi kutoka kwa mtu anayetaka tujue ameielewa. Mimi nimeitazama misimu yote 3, vipindi 26, na nilichoona ni kinyume kabisa. Kama hujaimaliza, ishia hapa.

Ni kweli drama hiyo ya Ujerumani, iliyoanza 2017 na kuisha 2020, imejengwa juu ya kitanzi: la kesho linazaa la jana, la jana linazaa la kesho. Katika mji wa Winden, Mikkel anapotea 2019, anatokea 1986, anakua akiitwa Michael, kisha anamzaa Jonas. Ulrich, babake Mikkel, anajikuta 1953 na kutaka kumuua Helge angali mtoto, ili asije akaiba watoto ukubwani. Anamtwanga kwa jiwe. Helge anapona na makovu, halafu anaangukia mikononi mwa Noah, anayemfanya msaidizi katika kazi hiyo hiyo ya kuiba watoto. Hapo mashabiki hupiga makofi: si unaona? Majaliwa hayashindwi!

Majaliwa gani hayo yanayohitaji wafanyakazi wengi hivyo? Jonas anarudi Juni 2019 kumzuia babake asijiue. Michael hakuwa hata na wazo hilo. Analipata kwa mwanawe. Bado angeweza kukataa. Ndipo Claudia anaingia na kuwaambia lazima afe. Kama ilikuwa imeandikwa, Claudia alikuja kufanya nini? Kitanzi kilikuwa kinalegea, mtu akaja kukikaza.

Utaniambia, basi je, Charlotte na Elisabeth, kila mmoja mama wa mwenzake? Hicho si kimejianza chenyewe? Zii. Yule mtoto hakujipeleka 1971 nyumbani kwa Tannhaus. Alibebwa kutoka kitandani mwake, kwa sababu Adam alituma watu. Adam, Eva, Noah: kila mmoja anajua kidogo zaidi kuliko wale anaowatumia, na anakificha hicho kidogo. Nguvu yao ni hiyo tu.

Na kitanzi kinakatika lini? Claudia anapomwambia Adam ukweli aliouficha, naye Adam akampelekea Jonas. Mashine zilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kusema.

Hili linanihusu. Nilitoka chuo mwaka wa pili, na wakubwa nyumbani wakanifariji eti ilikuwa imepangwa. Ilikuwa karo. Karo ni tarakimu: kuna mtu aliketi mezani, akaipandisha, akatia sahihi, akaenda lunchi. Nikiiita majaliwa, nimemsitiri.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza mtu akitumia Winden kutuambia kwamba hata siasa zetu ni mzunguko tu, kila miaka 5 yaleyale. Sawa, ni mzunguko. Lakini mwulize nani anauzungusha, na anajua nini ambacho hatuambii. Halafu usikubali akujibu kwa methali. Ngoja akutajie jina.