Waraka kwa Wanakaya: Ombi la Nguzo

Ndugu na dada zangu wa kikundi chetu cha kutunza kaya, wazee wetu mkiwa mbele, salamu.

Nawaandikia kwa moyo mzito, ila mapenzi ni yale yale. Katika kikao kilichopita tuliletewa ombi la kukata nguzo ukingoni mwa kaya, msitu wetu mtakatifu. Tukajadili bei, ujira wa wakataji na mgao wa kikundi mpaka jua likapinda. Mzee mmoja aliponyoosha mkono kusema kwamba pale pana makaburi, aliambiwa angoje "mengineyo". Mengineyo, ndugu zangu! Waliotuzaa tumewaweka mwisho wa ajenda, baada ya chai.

Mijikenda hawakuzitunza kaya kwa sababu ya mbao. Humo limezikwa fingo, hirizi ya ulinzi, humo wazee huomba mvua, na miiko yao ilikataza kukata mti, kwingine hata kuokota kuni kavu. Ni miiko hiyo iliyoiacha misitu hii imesimama katikati ya mashamba, muda mrefu kabla hatujamjua askari wa misitu. UNESCO ilipoziingiza kaya katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilizitambua kwa utamaduni wake. Mwaka uliofuata mila zenyewe zikaorodheshwa kuwa zahitaji kuokolewa haraka, na wa kuziokoa ndio sisi tuliomnyamazisha mzee.

Simlaumu anayetaka pesa. Karo ipo na njaa ipo. Wenzetu wa Kaya Kinondo huwafunga wageni kaniki, wakawatembeza, na pesa ikaingia bila mti kuanguka. Ninachokataa ni bei kuwa hoja ya kwanza na ya mwisho.

Kwa hiyo naomba tuibadilishe katiba ya kikundi. Ombi lolote la msitu lisitajwe bei kabla hawajasema wazee, akina mama wachuma dawa na wafuga nyuki. Maneno yao yaandikwe kwenye kumbukumbu kama walivyoyasema, si kufupishwa kuwa "wajumbe walitoa maoni". Na wazee wakikataa kuhusu makaburi, kura isipigwe. Ibara ya 69 ya Katiba ya Kenya inaitaka serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu viumbe na ihimize wananchi washiriki kutunza mazingira. Tutaidai vipi serikali haki tunayowanyima wazee wetu wenyewe?

Ombi la nguzo nimelisimamisha. Kikao kijacho njooni nyote, na mwenye mzee asiyeweza kutembea amlete kwa bodaboda. Nauli italipwa na kikundi.