Akaunti Tupu Haimtibu Mtoto

Ndugu zangu Waswahili mlioko Marekani, ninyi wa Minneapolis na Columbus, wa Houston na Louisville, nanyi mliofika juzi kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma, naomba tuketi kidogo tuzungumze habari ya fedha za matibabu. Najua karatasi za bima zinachosha. Zimeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na siku za kuzijaza ni chache. Basi wengi wetu tunatazama jambo moja tu, kwamba mwezi utakatwa kiasi gani. Penye kiasi kidogo tunatia alama, kisha tunazisahau mpaka mtoto augue.

Mwaka huu uzembe huo una gharama kubwa zaidi, kwa sababu sheria imebadilika. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi, na ndani yake yamo mambo yanayoingia moja kwa moja jikoni mwetu. Tangu 1 Januari 2026, bima zote za ngazi ya Bronze zinazouzwa kwenye soko la bima la serikali, pamoja na zile za majanga tu, zinamruhusu mwenye nazo kuweka fedha katika HSA, yaani akaunti ya akiba ya afya. Zamani nyingi kati ya hizo zilikuwa hazikidhi masharti. Mlango umepanuliwa, na mawakala wanautangaza kwa sauti kubwa.

Akaunti yenyewe si mpya. Iliwekwa na sheria ya Desemba 2003, ikaanza kutumika 2004. Uzuri wake ni wa kweli: fedha unazoweka hazitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, zikizaa hazitozwi, na ukizitoa kwa matibabu hazitozwi. Mwisho wa mwaka hazipotei, na ukiacha kazi unaondoka nazo. Kwa mwaka 2026 mtu mmoja anaweza kuweka hadi dola 4,400, na aliyekatia bima familia hadi dola 8,750. Kama mwajiri wako anakubali kukata kwenye mshahara, mwombe afanye hivyo, maana kwa njia hiyo unaokoa pia ile asilimia 7.65 inayokwenda kwenye hifadhi ya jamii na Medicare. Ukiweka kwa mkono wako mwenyewe, hiyo haikurudii.

Lakini tusikilizane. Msamaha wa kodi si zawadi inayogawiwa sawasawa. Anayelipa kodi ya asilimia 37 akiweka dola 1,000, anaokoa 370. Dada yetu anayefanya usafi hotelini, ambaye kodi yake ni asilimia 10, akiweka dola zile zile anaokoa 100. Naye akishalipa kodi ya nyumba na nauli na kutuma nyumbani, hizo 1,000 atazitoa wapi? Sheria hii imempa ruhusa ya kuweka akiba, haikumpa akiba. Na kwa kuwa Bronze ina mchango mdogo wa mwezi, ataichukua, akaunti ataifungua, na itakaa tupu.

Bima ya namna hii ina kizingiti kirefu. Kabla haijaanza kulipia sehemu kubwa ya matibabu, unatoa maelfu ya dola mfukoni mwako. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye afya njema hilo linavumilika. Lakini katika nyumba yenye mtoto wa pumu, mama mjamzito na baba mwenye shinikizo la damu, kizingiti hicho kinawafundisha watu kusubiri. Homa inasubiriwa hadi kesho, kesho inakuwa Jumatatu, na vidonge vya mwezi vinakatwa nusu ili vifike miezi miwili. Nimewaona watu wakifanya hivyo, watu wenye bima halali mfukoni. Wengine wameacha hata chanjo na uchunguzi wa kinga, ilhali bima hizi zinavilipia vyote bila kizingiti ukienda kwa daktari aliye katika mtandao wao!

Jambo moja linaniuma, nalo naomba niliseme. Sisi ni hodari wa kuchanga. Mwenzetu akifariki, ndani ya siku chache kundi la WhatsApp linakusanya fedha za kumrudisha kwao, na hakuna anayelala. Heri ya umoja huo. Lakini chama cha kufa na kuzikana chenye kikao kila mwezi kinashindwaje kutenga jioni moja kabla ya 1 Novemba, soko la bima linapofunguliwa, watu wakaja na karatasi zao? Walimu wapo, wauguzi wapo, wahasibu wapo miongoni mwetu. Jioni hiyo kila nyumba ihesabu: mwaka jana tulikwenda hospitali mara ngapi, dawa zilikuwa za kiasi gani, na kama tukichukua Bronze, ile tofauti ya mchango tutaiweka kwenye akaunti kila mwezi au tutaila? Kama jibu la kweli ni kwamba tutaila, basi tuchukue bima yenye mchango mkubwa na kizingiti kifupi.

Mume na mke wasijaze fomu mbalimbali kwa siri. Mume akichukua kazini kwake akaunti ya kawaida ya matibabu iitwayo FSA, ile ambayo masalio yake huweza kupotea mwisho wa mwaka, mkewe hana tena haki ya kuweka katika HSA, kwa sababu akaunti ya mume inamhudumia na yeye. Pia kijana wenu wa miaka 24 anaweza kuwa ndani ya bima yenu hadi atimize 26, lakini kama anajitegemea kikodi, bili yake isilipwe kwa akaunti yenu.

Hilo la mwisho, la kumlipia mtu asiye tegemezi wako kikodi, nalijua kwa kuumia. Mama yangu alilazwa Tanga, nikapigiwa simu usiku, nami nikatoa dola 600 katika akaunti ya afya nikazituma. Niliona ni matibabu, na ni mama. Kuna haja gani ya kuuliza? Kumbe mzazi asiye raia wala mkazi wa huku hahesabiwi kuwa tegemezi wangu. Nikalipa kodi ya dola 72, na juu yake faini ya asilimia 20, yaani 120. Mke aliyebaki Mombasa akisubiri karatasi anakubaliwa, mama hakubaliwi.

Tangu hapo nina bahasha mbili. Ya akaunti ya afya ni ya nyumba hii, na risiti zake nazitunza. Ya mama iko benki ya kawaida, dola 40 kila mshahara, na dawa zake za mwezi huu zimeshalipiwa.